Nani Anakaa Jumamosi Asubuhi?

Kila Jumamosi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, barazani kwetu Tabata, Dar es Salaam, kuna kiti kimoja ambacho ni changu. Ni kiti cha mbao chenye mto uliochujuka rangi, na kinatazama mwembe wa jirani. Pembeni kuna stuli, juu ya stuli kikombe cha kahawa, na chini yake redio ndogo ya kuchaji inayosoma flashi. Jikoni baba watoto anakoroga uji. Mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka 14, anafua sare zake kwenye beseni karibu na bomba. Mdogo wake wa kike anasuuza vyombo vya jana usiku, na mara kwa mara namsikia akiimba pamoja na redio maneno ambayo hajui maana yake.

Kwa makusudi nimewataja waliosimama. Tunapozungumza habari za asubuhi tulivu ya wikiendi, huwa tunakimbilia harufu ya kahawa, jua la asubuhi na wimbo wa zamani, kisha tunaishia hapo kana kwamba utulivu huo umeshuka wenyewe kama umande. Utulivu wa nyumbani una mtengenezaji. Uji umepikwa na mtu, sakafu imepigwa deki na mtu, mtoto ameogeshwa na mtu. Kwa hiyo ukitaka kuijua familia, usiiangalie siku ya harusi wala Krismasi. Nenda Jumamosi saa mbili asubuhi uangalie nani amekaa na nani amesimama.

Nilizaliwa Marangu, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, mibuni ikiwa chini ya kivuli cha migomba kama ilivyo kwenye vihamba vingi vya mlimani. Kuchuma kulianza katikati ya mwaka na kuendelea mpaka karibu na Krismasi, tukichagua zilizoiva na kurudi tena kwa zilizobaki. Tulichuma wote, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaloweka, tukaosha, tukaanika kwenye vichanja. Jioni ilikuwa kazi ya watoto kuzifunika umande usiziharibu. Zilipokauka, baba alizipeleka chama cha msingi, na pesa iliyorudi ilikuwa ya baba. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Uchagani ilijulikana kwamba kahawa ni ya mwanamume, ndizi na maziwa ni vya mwanamke. Mama alipotaka sabuni au daftari la mtoto alibeba mkungu mpaka soko la Marangu Mtoni.

Sitaki msomaji adhani baba alikuwa mtu mbaya. Pesa ile ndiyo iliyotusomesha, na si sisi tu. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, kikawa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na tangu hapo vizazi vya watoto wamevaa viatu na kulipiwa ada kwa kahawa. Tuliponunuliwa redio ya kwanza, ilinunuliwa kwa malipo ya pili ya msimu. Mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulipovunjika Julai 1989 na bei kuporomoka, nilimwona baba akikaa kimya siku nzima. Baadhi ya majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye hakung'oa hata mmoja. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Lakini kahawa tuliyoichuma hatukuinywa. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa, na kahawa ikashuka mlimani kwenda mnadani Moshi, kisha baharini, kwa watu tusiowajua. Mama aliyeibeba kichwani, aliyekesha akiigeuza vichanjani mvua ilipotishia, hakujua ladha yake. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba Kagera hali ni tofauti. Kwa Wahaya mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Kule zao ni la heshima kabla ya kuwa la pesa. Kwetu lilikuwa pesa tangu wamisionari walipolileta Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na pesa ilikuwa na mwenyewe.

Kuna jambo jingine nililoliona utotoni bila kulielewa. Baba alikuwa na kiti. Nadhani wasomaji wengi wanakijua kiti cha namna hiyo, ambacho mtoto hakithubutu, na mgeni asiyejua akikikalia nyumba nzima inashikwa na wasiwasi. Mama hakuwa na kiti. Alikuwa na kigoda. Kigoda ni cha kumenyea ndizi, cha kukamulia ng'ombe, cha kuchochea moto. Ukikaa juu yake mikono inaendelea na kazi, na mgongo unaendelea kupinda. Nikijitahidi kukumbuka picha ya mama amekaa kwenye kitu chenye mgongo wa kuegemea, mikono imelala mapajani, naikumbuka ya kanisani tu.

Nilipokuja Dar es Salaam kusoma ndipo nilipokutana na kahawa kama kinywaji. Ilikuwa Magomeni, kwenye kijiwe cha kahawa, nikiwa napita. Birika refu la shaba juu ya jiko la makaa, vikombe vidogo vya kaure ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sinia. Mzee mmoja alikuwa anatembeza yake barabarani akigonganisha vikombe mkononi, na mlio ule ulimtangulia kona nzima. Watu walikaa kwenye benchi wakinywa kahawa chungu yenye tangawizi, wakiujadili mpira, bei ya mchele, bunge, maradhi ya jirani. Nilisimama nikatazama kwa muda. Benchi lote lilikuwa la wanaume.

Naomba tulizingatie benchi hilo, kwa sababu linajibu hoja ninayoisikia kila ninapozungumzia mapumziko ya mzazi. Watu husema: hayo ni mambo ya wenye nazo, maskini hana muda wa kukaa na kikombe. Sasa wale wa Magomeni walikuwa matajiri? Kulikuwa na fundi baiskeli, mchukuzi wa Kariakoo, mlinzi aliyetoka lindo la usiku, mstaafu anayesubiri pensheni. Kikombe chenyewe kiliuzwa bei ambayo karibu kila mtu angeweza kuimudu. Pwani yote, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja na Kilwa, wanaume wa kila kipato wamekuwa na baraza na kahawa kwa vizazi vingi, na ni utamaduni mzuri. Humo habari husambaa, ugomvi husuluhishwa, vijana husikia wazee wakisema. Umaskini haukuwazuia. Wake zao wana umaskini uleule, nyumba zilezile, na watoto walewale, lakini benchi hawana. Kinachopungua hapo ni ruhusa. Mwanaume akikaa asubuhi, anapumzika. Mwanamke akikaa asubuhi, ni mvivu, na wa kwanza kumwita hivyo mara nyingi ni mwanamke mwenzake.

Nami nilijiita hivyo kwa miaka. Nilifanya kazi ya ofisi Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa siku ya kulipa madeni yote ya nyumba: kufua, soko, kumpeleka mtoto tyusheni, kikao cha harusi, kikoba, msiba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna usafi wa mtaa. Simu nayo haikutulia, maana kila kikundi cha WhatsApp huamka asubuhi hiyo kikitaka michango. Saa nne usiku nilikuwa sijakaa, na niliona fahari kusema hivyo. Nilipoumwa mgongo mpaka nikashindwa kuinama, nikalala siku tatu, nilijikuta nafurahia ugonjwa. Hapo niliogopa. Mtu anayesubiri kuumwa ili apumzike ana jambo la kurekebisha maishani mwake.

Hata hivyo jibu langu la kwanza lilikuwa baya, na ni lazima nilisimulie kwa sababu najua nyumba nyingi zimeshikwa hapohapo. Nilijipatia asubuhi yangu kwa kumwongezea kazi dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani. Binti wa miaka 19. Nilikaa barazani na kahawa yangu, nikasikiliza muziki wangu, nikajiona nimefika. Baada ya wiki kadhaa nilimwona akipita na beseni la nguo, akatupa jicho kwenye kiti nilichokalia, kisha akatazama chini. Nikamkumbuka mama na kigoda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba, na kigoda nimempa mtoto wa mwanamke mwingine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Dada wa kazi ni mfanyakazi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, umelitamka jambo hilohilo kwa wafanyakazi wa majumbani waziwazi. Nilikuwa nikizijua saa zangu za ofisini mpaka dakika, na nililalamika nilipocheleweshwa kutoka. Za yule binti sikuwahi kuzihesabu. Siku nilipozihesabu kwa kalamu, kuanzia kuandaa watoto alfajiri mpaka kufunga geti usiku, niliona aibu ambayo haijaisha.

Sasa Jumapili ni yake, yote, tangu jioni ya Jumamosi. Anakwenda kwa shangazi yake Gongo la Mboto, anasuka, analala. Na Jumamosi asubuhi kazi zinagawanywa kwa wote wenye mikono. Kuwafikisha baba watoto na watoto hapo kulichukua zaidi ya mwaka, na haikuwa safari ya upole kila siku. Mume wangu ni mtu mwema aliyelelewa kutoiona kazi ya nyumbani, kama vile mtu anavyoweza kuishi kando ya reli asisikie treni. Hakukataa kupika uji. Hakuwahi tu kufikiri kwamba uji unapikwa. Mwezi wa kwanza uji wake ulikuwa na mabonge, na watoto walinijia mezani na macho ya kuomba msaada. Sikuinuka. Mwezi wa tatu uji ulikuwa mzuri. Na yeye ana Jumapili mchana yake, na sithubutu kuigusa, kwa sababu ninachokitetea hapa ni mapumziko ya mzazi, na baba ni mzazi. Kuna akina baba wanaoendesha bodaboda siku saba, walinzi wanaounganisha lindo mbili, ambao asubuhi tulivu hawajaiona tangu wamepata mtoto wa kwanza. Hao nao hawana kiti.

Nizungumzie muziki, maana ndio unaoigawa asubuhi yangu vizuri kuliko saa ya ukutani. Kwenye flashi yangu umejaa muziki wa dansi wa zamani: NUTA Jazz na warithi wake wa mtindo wa Msondo, Mlimani Park na Sikinde yao, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa mashine chache na bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na redio hiyo moja ndiyo iliyozifikisha Marangu kwenye redio yetu ya malipo ya pili. Zimejengwa kwa namna inayomfaa mtu aliyekaa. Mwanzo gitaa linaingia taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake beti kwa beti bila haraka, tarumbeta zinajibu, na baada ya dakika tatu au nne ndipo chemko, ile sehemu ya kasi, linaanza na magitaa yanapokezana. Wimbo wa namna hiyo huwezi kuusikiliza huku unakimbia. Ukienda kuzima jiko katikati, ukirudi umeukosa mgeuko, na mgeuko ndio raha yake.

Kuna historia moja ndani ya muziki huo ambayo naona tumeisahau, nami inanigusa sana. NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1964 chama hicho kiliunda bendi, kikaajiri wapiga gitaa na waimbaji na kuwalipa mshahara wa mwezi. Baada yake zikaja za polisi, za jeshi, za mashirika ya umma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ifikirie taasisi ya kutetea mishahara na saa za kazi inayoona kwamba mfanyakazi anahitaji pia mtu wa kumpigia tarumbeta mwishoni mwa wiki, na inaliingiza hilo kwenye matumizi yake. Waliona burudani ni sehemu ya haki ya mtu anayefanya kazi. Leo tukimsikia mwajiri au serikali ikizungumzia mapumziko, tunategemea maneno ya tija, kwamba ukipumzika utazalisha zaidi Jumatatu. Sipendi hoja hiyo. Inamfanya mtu kuwa simu inayochajiwa. Mimi sikai barazani ili nifae ofisini.

Lakini sikiliza nyimbo hizohizo kwa sikio la mwanamke utasikia jambo jingine. Waimbaji karibu wote ni wanaume. Mke anaonywa, mke anasihiwa arudi, msichana wa mjini anakaripiwa kwa tamaa yake. Yeye mwenyewe hapewi maikrofoni ya kujibu. Nazipenda hata hivyo, na sitaacha kuzipenda, ila nikitaka kumsikia mwanamke akisema naigeukia taarabu, na siwezi kuigeukia nisimfikirie Siti binti Saad wa Fumba, Unguja. Huyo alitoka kwenye familia iliyofinyanga vyungu, akawa anavitembeza kuviuza, kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati ambapo sauti ya mwanamke wa pwani ilikuwa haijawahi kusikika kwenye sahani. Mwanamke aliyeishi kwa kubeba alipewa nafasi ya kukaa na kuimba, na pwani yote ikakaa kumsikiliza. Binti yangu nimemwekea santuri zake zenye mikwaruzo. Anasema bibi huyo anaimba kama anagombana na mtu. Nadhani hajakosea sana.

Swali la haki lingetosha kuitetea asubuhi yangu, ila kuna jambo sikulitegemea. Watoto walianza kuja. Mzazi anayezunguka jikoni, simu begani na mwiko mkononi, hawezi kuambiwa jambo zito, maana mtoto hajui aliseme upande gani wa mgongo wake. Mzazi aliyekaa ana uso. Jumamosi moja mwanangu alimaliza kufua, akaja akakaa sakafuni karibu na stuli, kimya, nyimbo mbili nzima. Wimbo wa tatu ulipoanza akasema kwamba kuna wavulana wa darasa la juu wanaomnyang'anya nauli, na kwamba kwa miezi miwili amekuwa akitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Miezi miwili! Na mimi ndiye niliyekuwa nikimgombeza kwa kuchelewa. Nilikuwa nikimuuliza kila siku "shule vipi", naye akijibu "nzuri, mama", kwa sababu swali lenyewe nililiuliza nikiwa nimeinamia sinki. Hakuwa mtoto msiri. Alihitaji mtu ambaye hana haraka.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mzazi mzuri ni yule asiyekaa, anayejimaliza kwa ajili ya watoto. Tumewasifu mama zetu kwa sifa hiyo mazishini, na sifa yenyewe ni kweli, walijimaliza. Lakini mtoto anayemwona mama yake hajakaa maisha yote anajifunza mambo mawili. Kama ni wa kike, anajifunza kwamba kukua ni kuacha kukaa. Kama ni wa kiume, anajifunza kwamba nyumba hujiendesha. Kisha tunashangaa watoto hao wakikutana na kuoana.

Najua wapo watakaonisoma na kusema: mimi ni mama lishe, naamka saa kumi usiku kuwasha moto, nimeachwa na watoto watatu, hiyo baraza naitoa wapi? Siwezi kujidai nina jibu la maisha ya mwingine. Ninachoweza kusema nimekiona kwa jirani yetu anayeuza chapati na supu. Ana wavulana wawili, wa miaka 11 na 13. Baada ya wateja wa asubuhi kupungua, kati ya saa nne na saa tano, hao ndio wanaoosha masufuria siku za wikiendi, naye anakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunywa kikombe cha Africafe yenye sukari nyingi na kusikiliza redio ya simu. Ni nusu saa. Wateja wanaijua, na anayefika wakati huo anahudumiwa na mtoto. Alichofanya ni kuwafundisha wanawe, mapema, kwamba sufuria chafu haina jinsia. Wapo majirani waliomsema kwamba anawaharibu wavulana. Mimi naona anawatengeneza, na mwanamke atakayeolewa na mmoja wao atamshukuru bila kumjua.

Mama yangu alikuja kukaa kwetu Agosti iliyopita. Ana miaka 76. Jumamosi ya kwanza nilimwekea kiti pembeni ya changu. Aliinuka mara nne: mara kuchambua mchele, mara kuuliza kama watoto wamekula, mara kufagia majani ya mwembe, na mara ya nne alimfuata mjukuu wake bombani amnyang'anye nguo, akisema mtoto wa kiume hafui mbele ya bibi yake. Kijana akamwambia, "Bibi, hizi ni zangu." Alirudi akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri daladala.

Jumamosi iliyofuata mwanangu aliomba apike kahawa yeye. Ilikuwa kahawa ya nyumbani, kutoka mibuni ileile ambayo baba hakuing'oa, tuliyoikaanga na kuitwanga wenyewe. Nilimweleza: maji kwanza, kahawa baadaye, moto mdogo, usiondoke. Nikatoka barazani. Mama alikuwa amekaa, safari hii mgongo umegusa kiti. Marijani alikuwa anakaribia kumaliza kisa chake. Ndipo tukasikia sufuria ikifurika, kahawa ikimwagikia kwenye jiko, ule mlio wa moto unaozimwa, na harufu kali ikatufikia pale nje. Mikono ya mama ilishika kiti kuinuka. Nami mwili wangu ulikuwa tayari umeshaanza safari ya kwenda jikoni.

Nikamshika mkono. "Mama, kaa. Anajua tambara lilipo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kanga yake magotini, akaegemea, na chemko likaanza.